Kopo la Vidonge Mianzini

Mwaka ule nilichoka mpaka nikaacha kusema nimechoka, maana hakuna aliyeuliza. Jirani yangu Apolonia alisema nimeanza uvivu. Mume wangu alisema umri umenitupa mkono. Mimi mwenyewe nilisema ni kazi, na kazi kweli zilikuwepo, kwa hiyo nilijiamini. Wote watatu tulikosea.

Mume wangu ni Liberatus, mgema wa ulanzi hapa Kalenga. Kwa asiyeujua, ulanzi ni pombe inayotoka kwenye mwanzi mchanga. Mgema anakata ncha ya mwanzi, anafunga mbeta, yaani kikombe cha mwanzi, pale palipokatwa, na maji yanadondoka polepole hadi yajae. Ila lazima arudi kila asubuhi na kila jioni kukata tena kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Akiruka siku, jeraha linajifunga na mwanzi hautoi tena. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yetu sikuwahi kumwona Liberatus akiruka msimu ukiwa umefunguka. Siku ya ubatizo wa binti yetu Tekla alikwenda mianzini na shati jeupe, akaingia kanisani na doa la utomvu kifuani. Siku ya kumzika baba yake alikwenda mianzini kwanza, ndipo akaja kushika jembe la kaburi.

Utadhani mtu wa namna hiyo ni rahisi kumpa kidonge kimoja kila siku. Hata mimi nilidhani hivyo.

Alianza kukohoa mwaka sabini na mbili, wakati wa kuandaa mashamba. Mwezi wa kumi wakampima hospitali mjini Iringa, wakasema kifua kikuu. Wakamlaza miezi miwili, sindano kila siku, na kabla ya Krismasi wakamrudisha kwangu amekonda, kashika kopo la vidonge mkononi. Maagizo alipewa yeye, lakini aliyeyasikiliza ni mimi. Kidonge kimoja kila asubuhi kwa mwaka mmoja na nusu, hata akijisikia mzima. Akikohoa afunike mdomo. Dirisha la chumba cha kulala liwe wazi usiku na mchana. Na kilabuni asionje tena kwenye vikombe vya watu.

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Huku kwetu anayekupa pombe huonja kwanza, mbele ya macho yako, ili ujue hakukutilia kitu. Muuzaji akikataa kuonja, hakuna atakayekunywa, na jioni hiyo hiyo watu watakuwa wanasema mengine. Kwa hiyo nikachukua mimi kazi ya kuuza. Liberatus anagema, mimi napeleka kilabuni, mimi naonja. Mteja anasimama na kikombe chake, ananitazama nikipiga funda moja.

"Vipi?" anauliza.

"Kali."

"Basi lete."

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda, funda moja moja, mchana kutwa, tumbo tupu, na nyumbani nimeacha mahindi hayajapukuchuliwa. Mwaka sabini na tatu kila redio ilikuwa inahimiza afya: chimba choo, chemsha maji, fyeka majani karibu na nyumba. Redio haikusema ni nani atakayefanya yote hayo. Mimi nilijua.

Asubuhi ya kwanza nilimpelekea kidonge kitandani na kikombe cha maji. Akakishika, akakigeuza, akanitazama kama mteja.

"Nani ameonja?"

"Hii dawa, Baba Tekla. Dawa haionjwi."

"Hospitali alinipa sista, na sista haongopi. Hapa nyumbani anayetoa anaonja."

Alikuwa anatania, lakini mkono wake haukusogea. Nikanywa funda la maji kwenye kikombe chake, nikamrudishia, naye akameza. Kesho yake vilevile, na keshokutwa vilevile. Wiki ya tatu nikawakuta kuku wakigombania kitu cheupe kwenye tuta la maharage chini ya dirisha. Nilikiokota. Kilikuwa kidonge kimelainika kwa mate na mvua, na pembeni yake kulikuwa na vingine vinne.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mume mgonjwa. Yeye alisema kidonge kinamtia kichefuchefu, na kwamba nikisimama mbele yake namna ile anajiona mtoto wa darasa la kwanza. Na mimi nilikuwa nimechoka kusimama namna ile. Sikuzaliwa mwalimu wa zamu.

Nikaenda zahanati. Mganga wetu wakati huo alikuwa Asukile, kijana Mnyakyusa kutoka Tukuyu, mpole, mwenye kaptura nyeupe iliyopigwa pasi hata siku za tope. Sote tulimwita daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wanaume wachache wanaliweza.

"Mama," akasema, "kidonge kikikaa peke yake kinasahaulika, au mtu anakichukia. Ukifunge kwenye kitu ambacho mzee anakifanya kila siku bila kuambiwa. Kwetu mtu haamki asipite kwenye migomba yake. Ingekuwa kwetu ningesema weka dawa kwenye migomba. Yeye mzee ana kitu gani?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu Krismasi.

"Ana mianzi," nikasema.

"Basi weka mianzini."

Jioni ile nikachukua kopo la kahawa lenye mfuniko, nikalitoboa kwa juu, nikalifunga kwa waya kwenye kichaka cha kwanza cha mianzi, pale pale anapochomeka kisu chake cha kugemea. Nikakiweka kisu ndani ya kopo, juu ya vidonge, ili asikipate bila kufungua. Chini nikaacha chupa ya maji yaliyochemshwa, kwa maana nilijua asipoona maji atasukumia kwa ulanzi. Sikumwambia neno. Asubuhi alikwenda kugema, akarudi, akala viazi vyake, akaniambia, "Umeniwekea mtego."

"Umemeza?"

"Nimemeza. Hakuna wa kunitolea macho kule."

Habari ya kuonja haikutajwa tena. Kila Jumamosi nilikwenda kuvihesabu, na kila Jumamosi hesabu ilikuwa sawa. Mwezi wa pili akaacha kutoka jasho usiku. Mwezi wa tatu akaanza kuimba kule mianzini, kwa sauti yake mbaya ambayo nilikuwa nimeisahau. Mwezi wa nne Asukile alimpandisha kwenye mizani, akasogeza kile chuma mara mbili, akatabasamu, akanipa mkono mimi badala ya kumpa yeye. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwenye akili.

Suruali zake zilianza kumbana. Kanga zangu mimi zilikuwa zinazunguka mara tatu badala ya mbili, na Apolonia akaniuliza kama nimeanza kuringa. Nilimwambia ni kazi za kilabuni. Jioni nikifika nyumbani nilikaa kwanza kwenye kizingiti kabla ya kuwasha moto, nikitazama kuni. Wakati mwingine nilizitazama mpaka giza likaingia. Usiku nililoa jasho, nikasema ni umri, wanawake wengine walishaniambia kwamba mambo hayo huja.

Mwezi wa tano ikaja barua ya Tekla. Alikuwa ameolewa Uyole, kule Mbeya, na mume wake Marcelino alikuwa kibarua wa shamba la utafiti. Mimba ilikuwa imekaribia. Aliandika kwa adabu, bila kuomba: Mama, najua baba anaumwa, usijisumbue, mama yake Marcelino atanisaidia. Mtoto wa kwanza, na binti yangu aoshwe na mwanamke mwingine. Niliisoma barua ile mara nyingi sana. Tangu Liberatus augue sikuwa nimejiruhusu kutaka kitu changu mwenyewe, na sasa nilikitaka hiki kama mtu anavyotaka maji.

Nikajiambia dawa inajiendesha. Miezi mitano mtu hajaruka. Akishazoea amezoea.

Hapa lazima niseme ukweli, maana baadaye nilitaka kumtupia lawama Asukile peke yake. Mimi ni Mhehe, nimezaliwa kati ya mianzi. Nilijua kwamba mvua zikiisha na baridi ikiingia, mianzi inafunga, ulanzi unakatika, na mgema anapangusa kisu chake na kukiweka darini mpaka msimu mwingine. Nilijua vizuri sana. Lakini sikukiweka hicho ninachokijua karibu na lile kopo. Kichwa cha mtu aliyechoka hubeba kitu kimoja kimoja.

Niliondoka wiki ya kwanza ya mwezi wa sita. Nilimwambia Liberatus, "Dawa unajua." Akasema, "Najua." Nikapanda basi mjini, tukashika ile barabara mpya ya lami, malori ya Zambia yakitupita kwa kelele. Nililala njia nzima, mdomo wazi, hata aibu sikuona.

Mtoto alizaliwa siku ya nne baada ya kufika kwangu, wa kike, mwenye nywele hadi kwenye mashavu. Wakampa jina langu, Paskalina. Kwa karibu wiki tano nilimwogesha, nilimpaka mafuta, nilimbeba mgongoni nikimenya viazi ili Tekla alale. Uyole ni baridi kupita Kalenga. Ukungu unatoka milimani asubuhi na kukaa sokoni kama mtu mwenye shughuli. Nilikohoa.

"Mama, unakohoa sana," Tekla akasema.

"Ni moshi wa kuni zenu. Mbichi."

Nikaendelea kumpuliza mtoto usoni ili acheke. Alikuwa bado hajajua kucheka, lakini nilipuliza.

Nilirudi Kalenga katikati ya mwezi wa saba. Kabla sijafika mlangoni nilikisikia kikohozi, kile kile cha mwaka uliopita, kikianzia chini kabisa. Sikuingia ndani. Niliweka mzigo wangu chini ya mti wa msindano, nikapitiliza hadi mianzini.

Kulikuwa kukavu. Mbeta zilikuwa zimefunguliwa na kupangwa vizuri, zimegeuzwa midomo chini. Kisu hakikuwepo. Kopo lilikuwa pale pale kwenye waya wake, limeanza kutu pembeni. Nililifungua nikamwaga vidonge kwenye kanga. Nilijua vilikuwa vingapi siku niliyoondoka, na vilikuwa vingapi sasa. Katika siku thelathini na nane alikuwa amemeza tisa.

Liberatus alikuwa amekaa jikoni, blanketi mabegani. Alinisalimia, "Kamwene, Mama Tekla," akataka kujua mtoto anafanana na nani. Nikaliweka kopo mbele yake.

"Nini hii?"

Alilitazama kama kitu alichokiona zamani kwa watu wengine.

"Mianzi ilifunga," akasema.

"Nimekuuliza dawa."

"Mianzi ilifunga, mama. Kule nilikuwa naenda kufanya nini?"

Nikasubiri aongeze neno, anidanganye, aseme kichefuchefu, aseme kimemshinda. Alikuwa amenishangaa.

"Sikukataa," akasema baadaye. "Ningekataa ungeniona. Nilikuwa sipiti kule tu. Siku nyingine ninakumbuka jua limeshazama, nasema kesho."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nilikuwa nayo ya kutosha tangu kule mianzini, na sasa sikuwa na mahali pa kuiweka. Mtu akikataa unapigana naye. Mtu ambaye njia yake haipiti tena pale utampiga wapi? Nikakaa karibu naye nikanyoosha miguu kwenye moto. Wote wawili tukakohoa, mmoja baada ya mwingine, na yeye akacheka kidogo, na mimi sikucheka.

Tangu siku hiyo nikarudi kusimama mbele yake na kikombe. Alimeza bila ubishi. Lakini baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imeshika, upepo unaingia kama mwenye nyumba, na yeye anatetemeka. Nikachukua gunia la mbolea nikaziba dirisha la chumba. Nilifanya kwa huruma. Nilimwambia tutalifungua joto likirudi. Kila asubuhi niliona gunia lile nikasema nitalitoa, kisha nikasikia uzito wa mikono yangu nikaliacha.

Mwezi wa nane akatema damu kwenye kitambaa cha meza. Tukaenda zahanati kwa miguu, tukipumzika kila mahali penye jiwe, na nakumbuka niliona fahari kwamba namsubiri. Baadaye nilifikiria safari ile nikagundua kuwa yeye ndiye aliyekuwa ananisubiri mimi.

Asukile alimsikiliza kifua, mbele na nyuma, akauliza maswali, nikajibu mimi kama kawaida. Nilipofika kwenye habari ya mianzi kufunga, akaacha kuandika.

"Inafunga vipi?"

"Inafunga. Mvua zikiisha ulanzi umekwisha, mpaka Desemba."

Akaweka kalamu chini. "Mimi sikujua hilo, mama. Kwetu migomba haifungi. Hukuniambia."

"Hukuuliza. Na mimi sikufikiri."

Liberatus akasema, "Mimi ndiye mwenye mianzi," na hapo tukawa watatu wenye makosa katika chumba kimoja, na hata mmoja hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa nafuu angekuwepo mmoja mbaya.

Kisha Asukile akanigeukia mimi.

"Na wewe unakohoa tangu lini?"

"Mimi? Hiki ni cha moshi."

"Tangu lini?"

Nikafikiri. Nilitaka kusema tangu Uyole. Nikakumbuka kwamba Apolonia alinipa asali ya kikohozi wakati wa kupalilia mahindi. "Mwezi wa pili," nikasema. "Labda wa kwanza."

"Usiku unatoka jasho?"

"Ni mambo ya umri."

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

Alitazama kanga yangu, jinsi ilivyozunguka. Akanipa kikopo kidogo cha kutemea makohozi kama alichompa mume wangu. Nilikipokea nikiwa bado natabasamu, kwa heshima, kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake ili ambebee.

Majibu yalikuja baada ya wiki moja. Asukile aliyasoma mawili kwa mpigo, jina la Liberatus na jina langu, wote kifua kikuu, halafu akauliza kama dirisha la chumba linakaa wazi. Liberatus akatazama sakafu. Alijua ni nani aliyeweka gunia na hakunisema. Nikasema mwenyewe.

"Nimeziba mimi."

"Hiki ulikuwa nacho kabla ya gunia, mama. Lakini kaliondoe leo."

Hapo ndipo nilipokumbuka uso mdogo wa mtoto na jinsi nilivyokuwa nikiupuliza. Sikuwa nimelia mwaka mzima. Sikulia siku walipomlaza Liberatus, wala nilipoona damu. Nililia pale kwenye benchi la zahanati mbele ya akina mama waliokuja na watoto kupimwa uzito, na nililia kwa sauti, bila adabu yoyote. Liberatus hakujua afanye nini. Alishika ncha ya kanga yangu akaikunja na kuikunjua.

Barua kwa Tekla niliiandika mwenyewe, ingawa Asukile alijitolea. Niliandika kwamba yule bibi aliyekuja kumlea mtoto alikuja na ugonjwa kifuani, ampeleke mtoto hospitali upesi, aseme kila kitu. Niliomba radhi mara moja tu. Mara ya pili kalamu haikwenda.

Jibu lilichukua wiki tatu, na wiki tatu zile sitaziandika. Tekla alisema mtoto amepimwa, amepigwa sindano begani, amepewa dawa ya kunywa ya kumkinga, ananyonya vizuri na ameshajua kucheka. Hakuandika neno la kunilaumu. Mwisho kabisa, kwa mwandiko mdogo, alisema daktari wa kule ameagiza asiletwe Kalenga, wala mimi nisiende Uyole, mpaka babu na bibi wawe wamemaliza dawa, wote wawili, na karatasi ya kuonyesha. Mwaka mmoja na nusu. Atakuwa anakimbia.

Kila asubuhi tukaenda zahanati kwa sindano, miezi miwili, yeye upande wa kulia wa barabara na mimi wa kushoto, maana tulikuwa hatuna nguvu za kuongea. Kilabuni nilimwachia Apolonia, ambaye sasa alikuwa ananiita dada na kuniletea mboga, na haya yake ilinichosha kuliko maneno yake ya zamani. Gunia la dirishani nililifua nikaliweka mlangoni la kufutia miguu. Nikilala baridi inanipiga shavuni nilijifunika kichwa, lakini dirisha sikuligusa. Nilijifunza kukaa chini kabla sijaanguka. Nilijifunza kuchemsha maji ya siku nzima kwa mara moja, kabla mwili haujaanza visingizio vyake. Ni vitu vidogo, hata kuvisimulia mtu anaona aibu, na kila kimoja kilinishinda mara nyingi kabla hakijanizoea.

Sindano zilipokwisha wakatupa vidonge, kila mtu makopo yake. Zikapita wiki kadhaa za kukumbushana na kununiana. Siku nyingine yeye alisahau, siku nyingine mimi, na siku moja tulisahau wote tukagombana kuhusu nani alianza.

Desemba mvua zikaanza. Asubuhi moja nikamkuta Liberatus uani anatia kisu makali kwenye jiwe. Machipukizi ya mianzi yalikuwa yamefika kimo chake. Alinyanyuka, akachukua kopo lake la vidonge kutoka kwenye kabati, akachukua na waya.

"Unalipeleka wapi?"

"Pale pake. Msimu uliopita palifaa."

"Palifaa miezi mitano."

"Mama Tekla, kule nilikuwa sisahau."

Alisema kweli, na nilimwonea huruma. Alitaka kurudi mahali alipokuwa hodari. Hata mimi nilitaka. Ningempa lile kopo ningepata asubuhi zangu kimya kwa miezi mitano, na Mungu anajua nilivyozitaka.

Nikanyoosha mkono, nikalichukua. Nikaliweka kando ya mafiga jikoni, pale ambapo mtu hawezi kupata chai bila kupaona, karibu na kopo langu. Moto kwetu haufungi. Hata siku ya msiba watu huwasha moto.

"Kaa," nikasema.

Akakaa, kisu magotini. Nikamimina maji kwenye kikombe kimoja, nikakitoa kidonge chake nikampa. Akakishika kati ya vidole viwili. Akakigeuza. Mara nikaona ule uso wa mwaka jana, uso wa mteja, na sijui kama alikuwa anatania.

"Nani ameonja?" akauliza.

Nikafungua kopo langu mimi. Nikatoa changu, nikakiweka ulimini ili akione, nikanywa funda la maji, nikameza. Kilishuka polepole kama kawaida yake, na uchungu ukapanda nyuma ya koo. Liberatus alikuwa ananitazama shingo. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliponiona namna nilivyokuwa nimekwisha. Macho yake yalijaa maji, na hakuyapangusa.

"Vipi?" akasema, sauti chini.

"Chungu."

"Na mianzi ikifunga?"

"Mimi nitakuwa bado nameza vyangu."

Akatazama nje, kwenye mianzi yake inayomngoja, kisha akanyoosha mkono apokee kikombe.

"Basi lete," akasema.